FUNDI KASEMA LAKI MBILI: UTENGENEZE AU UNUNUE NYINGINE?

Somo la leo ni refu kidogo, lihifadhi usome ukiwa umetulia, maana linahusu hela inayotoka mfukoni kidogokidogo mpaka unashtuka mtaji umeisha.

Humu wengi tunauza kupitia simu. Kuna anayeuza barafu za ubuyu na juisi, kuna wa keki, kuna wa nguo za mtumba anayepiga pasi kwanza ndo apige picha, kuna sisi tunaouza vifaa vya nyumbani vilivyotumika. Kila mmoja ana kifaa ambacho kikifa leo, kesho hana mauzo. Na kikifa, kila mtu atakwambia neno moja: peleka kwa fundi. Sina ugomvi na mafundi, nakula nao kila siku. Ila kuna hesabu inatakiwa ifanyike kabla hujambebesha bajaji friji yako, na mimi niliifanya nikiwa nimeshachelewa.

Sijasomea umeme. Nimeishia kidato cha nne, nina kaduka hapa Misungwi mjini, na ninachojua nimekipata kwa kukaa pembeni ya mafundi na kwa kupigwa hasara. Bei nitakazotaja ni nilizolipa au kutajiwa mimi hapa Misungwi na Mwanza mjini. Ukiwa Kahama au Dodoma zinaweza kupanda au kushuka, wewe chukua njia ya hesabu.

Twende kazi.

Mwaka 2024 nilikuwa na friji ya milango miwili, mtumba, nimeinunua 380,000. Juu nagandisha barafu, chini maji ya kandoro na soda. Nikipost asubuhi kwenye stetasi, jioni vijana wa bodaboda na wanafunzi wameshamaliza. Faida ilikuwa kama 12,000 kwa siku, siku ya jua kali zaidi.

Siku moja barafu zilikuwa nyingi zimeng'ang'ania, mteja anasubiri, nikachukua kisu nikaanza kubandua. Nikasikia "fsss" ndogo. Nikajua ni hewa tu. Kesho yake friji inanguruma lakini haigandishi.

Nikaita fundi. Akaigusa nyuma, akasikiliza, akasema gesi imeisha. Nikalipa 85,000. Ikagandisha wiki tano. Ikarudi vilevile. Nikamwita tena, akanihurumia, 70,000. Ikagandisha wiki tatu. Mara ya tatu nikaipeleka Mwanza mjini kwa fundi mwingine. Huyo hakukimbilia gesi, aliniuliza kwanza: "Mdogo wangu, ulikwangua barafu na kitu cha ncha?" Nikanyamaza. Akanionyesha tundu, dogo kuliko ncha ya peni. Mbaya zaidi, kompresa ilishachoka kwa kuzunguka usiku na mchana bila gesi ya kutosha. Kuziba, kompresa ya mtumba, gesi mpya: 260,000. Bajaji kwenda na kurudi 30,000.

Jumlisha mwenyewe: 85,000 na 70,000 na 260,000 na 30,000. Ni 445,000. Friji kama ile ile, ya mtumba, siku hiyo hiyo ilikuwa inauzwa 400,000 mtaa wa pili kutoka kwa fundi.

Na bado hujahesabu siku nilizokaa bila kuuza. Mara ya kwanza siku 4, ya pili siku 6, ya tatu siku 11. Siku 21 mara 12,000 ni 252,000. Kwa hiyo matengenezo ya friji ya laki nne yalinigharimu 697,000. Na haikuishia hapo, mwaka uliofuata umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, kompresa ile ya mtumba ikaungua. Siku hiyo hata sikumpigia fundi.

Ndo maana sasa hivi nikiambiwa bei na fundi, naandika vitu vitatu kwenye karatasi. Hela ya fundi. Nauli ya kubeba kwenda na kurudi. Faida ya siku nitakazokaa bila kifaa, na hapo nachukua siku alizosema fundi nazidisha mara mbili, maana "njoo kesho" mnaifahamu. Nikijumlisha, nalinganisha na bei ya kupata nyingine LEO, ya hali kama ile. Silinganishi na bei niliyonunulia. Hapa wengi tunakosea. Mtu anasema "hii friji nilinunua laki tisa, kutengeneza kwa laki tatu ni bure." Ndugu yangu, laki tisa ilishaondoka. Ukiiuza leo hakuna atakayekupa hata nne. Umepewa bei ya laki tatu kwa kitu cha laki nne.

Kuna kanuni watu wengi wanaisema, kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kipya, nunua kipya. Si mbaya, ila ni ya mtu aliyenunua kipya dukani na anajua kimetumika miaka mingapi. Sisi tunanunua kitu kimetoka nje, kimetumika huko miaka isiyojulikana, kimekaa kwenye kontena, kimepakwa rangi. Mimi kwa kitu cha mtumba nimeishusha mpaka theluthi. Kama kukipata kingine ni 400,000, jumla ya karatasi yangu ikipita 130,000 hivi, naacha. Na ugonjwa ule ule ukirudi mara ya pili ndani ya miezi michache, silipi tena hata kama ni elfu hamsini, mpaka fundi anionyeshe kwa macho yangu chanzo.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema moyoni: "Wewe unasema nunua nyingine, laki nne iko wapi?" Hilo ndo swali lenyewe. Mimi mwenyewe sikulipa 85,000 kwa ujinga. Nililipa kwa sababu 85,000 nilikuwa nayo na 400,000 sikuwa nayo. Fundi anapokea kwa vipande, duka halipokei. Kwa hiyo mtu mwenye hela kidogo anaishia kulipa nyingi kuliko mwenye nazo.

Nilichofanya baada ya pale ni mambo mawili. La kwanza, friji inajilipia yenyewe. Kila siku ikiniuzia, 1,000 inaingia kwenye kibubu cha friji, haiguswi hata mgonjwa akija. Kwa mwaka ni 365,000. Ikifa, sianzi na sifuri. Kama biashara yako ni ndogo weka 500, ila weka. Mkiwa na mchezo na wenzako, panga zamu yako iangukie miezi ya jua, kabla hujazidiwa.

La pili, ikifa na hela haijatimia, usikimbilie kulipa gesi kwa presha ya wateja. Nenda kwa jirani mwenye friza. Mimi nilikubaliana na mama mmoja, nampa 1,500 kwa siku nagandisha kwake. Faida ilishuka lakini biashara haikusimama, na kikubwa zaidi nilipata utulivu wa kufikiri. Ukiwa na mteja anapiga simu kila saa, fundi anaweza kukuuzia chochote.

SASA FRIJI YENYEWE, maana ndo inayokula watu wengi.

Gesi ya friji haiishi kama gesi ya jiko. Jikoni unaichoma, kwenye friji inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, inaenda inarudi. Friji ikiwa nzima inaweza kumaliza miaka 15 na gesi ile ile ya kiwandani. Kwa hiyo fundi akikwambia "gesi imeisha", swali lako ni moja: imetokea wapi? Kama hana jibu na anataka kujaza tu, unanunua wiki chache za ubaridi. Kazi ya kujaza ikifanywa sawasawa ina hatua: anatafuta tundu, analiziba, anabadilisha kile kichujio kidogo cha shaba nyuma, anavuta hewa yote kwa pampu, ndo anajaza. Kwa 80,000 hadi 120,000 hiyo ni haki yake. Akija na mtungi mkononi bila pampu, jua kinachofuata.

Angalia pia kibandiko cha nyuma au ndani ya friji. Kimeandikwa aina ya gesi. Ukiona R134a au R600a, hiyo ndo irudi, sio nyingine, kwa sababu kompresa imetengenezwa kwa gesi yake. R600a inaingia kidogo sana, gramu chache, na inashika moto. Fundi asiwashe mtungi wa kuchomelea bila kuitoa yote na kufungua madirisha, na wewe usimruhusu afanyie chumbani watoto wamelala. Ukikuta kibandiko kimeandikwa R12, hiyo friji iache hapo hapo hata ukipewa kwa bei ya bure. Gesi hiyo iliondolewa kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni, kufuatia mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na friji inayoitumia ni mzee kuliko wengi wetu humu.

Lakini sio kila friji isiyogandisha ni gesi. Kabla hujaita mtu, chukua noti, ifungie kwenye mlango nusu nje nusu ndani, ivute. Ikitoka kama umeiweka hewani, mpira wa mlango umelegea na baridi inatoka. Wakati mwingine kuufuta kwa maji ya moto na kuunyoosha kunatosha, ukibadilisha ni kama 25,000 hadi 40,000. Vuta friji ukutani, safisha vumbi kwenye zile nyaya za nyuma. Kwa sisi tunaoishi kando ya barabara ya vumbi hilo tu linarudisha nusu ya baridi.

Ukisikia "tik", kimya, baada ya dakika chache tena "tik", na kompresa ni ya moto, mwombe fundi aanze na kile kifaa kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa kompresa kinachoisaidia kuwaka, wanakiita rilei. Nimelipa 15,000, na nimewahi kuona mtu katajiwa kompresa mpya kwa tatizo hilo hilo. Temostati, kale kabatani ka kupunguza na kuongeza baridi, ni 30,000 hadi 45,000. Hizo zote tengeneza, ziko chini ya theluthi. Kompresa ni 180,000 kwa friji ndogo mpaka 300,000 na zaidi. Hapo ndo karatasi itoke. Na tundu likiwa ndani ya ukuta wa friji, kwenye lile povu, usihangaike kabisa.

Kitu kingine ambacho fundi hawezi kukwambia kwa sababu hakimhusu: umeme. Friji nzima inawaka na kuzima. Iliyochoka haizimi. Chukua friji ya wati 150. Ikizunguka saa 24 inakula yuniti 3.6 kwa siku, ikizunguka nusu ya muda inakula 1.8. Mimi nikinunua LUKU ya 10,000 napata kama yuniti 28, yaani yuniti moja ni karibu 357. Tofauti ya yuniti 1.8 kwa siku ni kama 640, kwa mwezi inafika 19,000. Kwa mwaka umeshalipa zaidi ya nusu ya friji nyingine ya mtumba, na bado unayo ile ile mbovu. Kupima ni rahisi: usiku zima kila kitu, acha friji peke yake, andika yuniti za kwenye mita, asubuhi angalia tena.

Na tafadhali, kisu kikae jikoni. Zima friji, weka bakuli la maji ya moto ndani, subiri nusu saa. Mteja akiondoka atarudi.

Vingine nitapita haraka, maana havina hesabu ndefu.

Pasi: ikikata na kuwaka ukiusogeza waya, ni waya umekatika pale unapoingia kwenye mkono. 3,000 hadi 5,000, tengeneza. Ikiwa ule waya wa joto ndani ya bati ndo umekufa, pasi mpya ni 18,000 mpaka 25,000, usipoteze nauli.

Feni isiyozunguka mpaka uisukume kwa kidole ni kapasita, 4,000. Ikipiga kelele na kutikisika ni bushi, 5,000. Ikiungua mota, kuisuka ni 20,000 na feni ya kusimama mpya ni kuanzia 45,000. Niliwahi kusuka mara moja, haikumaliza kiangazi.

Blenda kwa watu wa juisi: asilimia kubwa ya zinazoletwa kwangu zimekufa kile kiplastiki cha chini kinachoshika jagi, au kaboni mbili za mota. 5,000 hadi 8,000 umerudi kazini. Ila ikishatoa moshi na harufu ya kuungua, achana nayo, na ile mpya usiisagishe barafu kavu dakika tano mfululizo. Hizi blenda za bei ndogo zinataka kupumzika kila dakika moja hivi. Kama kazi yako ni juisi kila siku, kununua ya 50,000 mara nne kwa mwaka ni ghali kuliko moja ya kibiashara.

Jiko la kupikia wali na birika la umeme zina fyuzi ya joto ndani, 3,000 tu. Fundi akikwambia "naunganisha moja kwa moja tu, haina shida", mkatalie. Ile fyuzi ndo inayozuia nyumba isiungue chombo kikikaukia.

Oveni ya keki: waya wa joto 20,000 hadi 30,000, tengeneza bila kufikiri, oveni ni chuma na mlango tu. Maikrowevu usiifungue mwenyewe hata kama umeichomoa ukutani, ndani kuna kapasita inayobaki na umeme mkali wa kuua.

Televisheni: sauti ipo picha hamna, zima taa ya chumba, mulika tochi karibu na kioo. Ukiona picha kwa mbali kama kivuli, ni taa za ndani zimekufa. Kwa inchi 32 nalipa 45,000 hadi 70,000, inafaa. Kioo kikipasuka, hakuna mjadala, iuze kama vipuri.

Halafu kuna cherehani. Washonaji msije mkanielewa vibaya na theluthi yangu. Cherehani ya chuma ya kukanyaga ni kifaa pekee ambacho sijawahi kumshauri mtu akitupe. Vipuri viko kila mnada, fundi wake yuko kila kijiji, na ile ya bibi yako inaweza kuwa imara kuliko mpya ya plastiki ya laki tatu.

SASA WENZANGU TUNAOUZA VILIVYOTENGENEZWA. Hapa naongea kwa aibu kidogo.

Nilinunua friji mbovu 120,000, nikaitengeneza kwa 110,000. Gharama 230,000. Nikaiwasha jioni, asubuhi ikawa baridi, nikapiga picha nikaandika "iko vizuri, haina tatizo lolote". Mama mmoja wa kule Usagara anayeuza samaki akaichukua 320,000. Nikahesabu faida ya 90,000 kabla hata bajaji haijarudi.

Siku ya tisa, saa kumi na mbili asubuhi, nikapata picha mbili WhatsApp. Ya kwanza ni tangazo langu mwenyewe, alilihifadhi. Ya pili ni sato kwenye beseni, macho yameshageuka rangi. Hakuandika tusi. Aliandika: "Mwanangu, uliniambia iko vizuri."

Nilikaa na ile simu muda mrefu. Wakati ule nilikuwa na kikundi cha wateja karibu mia mbili, na yeye alikuwa humo. Angeweza kuweka zile picha mbili mle, bila maneno, nikawa nimekwisha. Nikampigia. "Shikamoo mama." Akaitika. Nikamwambia naenda kuichukua leo, hela yako yote nakurudishia, na samaki tugawane hasara. Akasema sawa. Nikarudisha 320,000, nikalipa 60,000 ya samaki, nikalipa bajaji 20,000. Ile faida ya 90,000 ikageuka kuwa hasara ya 80,000 mkononi, na friji mbovu imerudi dukani.

Kosa langu halikuwa kuuza friji iliyotengenezwa. Nilipima usiku mmoja, mlango umefungwa, ndani hamna kitu. Friji tupu kila moja inajifanya mzima. Sasa hivi kabla ya kupost naiwasha siku tatu kamili, ndani naweka chupa za maji lita 20 au zaidi, nafungua mlango mara kwa mara kama mama mwenye wateja. Kama kuna tundu dogo sana siku tatu hazitoshi kulionyesha, kwa hiyo iliyojazwa gesi naikalisha dukani wiki mbili huku naitumia mwenyewe. Ikitoka nje nasubiri bajaji iibebe imesimama, ikibidi ilale, mteja asiiwashe mpaka ikae wima saa kadhaa, ili oili irudi kwenye kompresa.

Na tangazo limebadilika. Siandiki tena "haina tatizo". Naandika: "Imebadilishwa rilei na mpira wa mlango mwezi huu, gesi haijaguswa, waranti mwezi mmoja, usafiri wa kurudisha juu yangu." Mwanzoni niliogopa watu watakimbia wakijua imetengenezwa. Wanaouliza bei tu walipungua kweli. Wanaokuja na hela hawakupungua.

Ile waranti nayo ni gharama, iweke kwenye bei toka mwanzo. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, nimeanza kupata wateja wa Sengerema, hata Geita. Zamani kivuko kilikuwa kinawakatisha tamaa. Lakini mteja akiwa mbali, friji ikirudi inarudi kutoka mbali. Kwa hiyo vya kwenda ng'ambo navichagua: kilichobadilishwa kompresa hakivuki, kinauzwa hapa hapa Misungwi ambapo naweza kwenda na baiskeli kuangalia. Na kila anayenunua friji namsisitiza achukue na friji-gadi ya 25,000 hadi 35,000. Umeme ukirudi ghafla inachelewesha kuiwasha dakika chache, presha ndani inashuka, kompresa haianzi kwa kulazimishwa. Asiponunua, siandiki waranti kwenye kompresa. Nimekuwa mkali hapo.

Kuhusu fundi, machache. Lipa hela ya kukagua, 5,000 au 10,000, hata kama hutatengenezea kwake. Fundi anayekagua bure lazima apate tatizo. Kabla hajaanza piga picha namba ya kwenye kompresa, na omba kipuri cha zamani urudishiwe. Sio kwamba wote ni wezi, ila kipuri cha zamani mkononi kinamfanya kila mtu akumbuke alichofanya. Aandike kwenye risiti alichobadilisha na muda wa waranti. Mimi nina wawili tu sasa, mmoja kapitia VETA pale Nyakato, mwingine kajifunza mtaani kama mimi. Huyo wa mtaani ndo aliyewahi kuniambia, "Hii usinipe hela yako, kanunue nyingine." Alijikosesha kazi ya 200,000 siku ile. Kazi zangu zote za friji nampa yeye.

Na ukishaamua kutotengeneza, usiitupe wala usiiache nje inyeshewe. Friji yangu ile ya barafu niliivunja taratibu. Milango ilichukuliwa na mtu mwenye kama hiyo, rafu za kioo akachukua dada wa keki, temostati ilikuwa nzima nikaiuza 15,000, kompresa ikaenda kwa wanaonunua vyuma chakavu kwa ajili ya shaba ya ndani. Nilikusanya 70,000, karibu hela ya ile gesi ya pili. Boksi lenyewe limebaki dukani, limesimama kwenye kona. Ndani naweka madaftari ya mahesabu, panya hawaingii.